Mwenye Eneo Ni Nani

Olkeju Mpakani,
14 Februari 2023

Mwanangu Eliasi,

Bwana Yesu asifiwe. Mimi shangazi yako ni mzima, magoti tu ndiyo yananiletea ubishi. Usinipigie simu kuhusu barua hii. Kwenye simu unasema "sawa shangazi, sawa shangazi" kabla sijafika kwenye neno lenyewe, halafu salio linaisha. Nampa Daniel wa lori la ndizi. Anashusha mzigo hapa Jumanne na Ijumaa, na jioni yake yuko Arusha. Itakufikia imekunjamana, lakini itakufikia.

Leo wamekuja vijana wa mradi wenu na vizibao vyao vya kung'aa. Wameandika namba mlangoni kwangu kwa rangi nyekundu. Mmoja anaitwa Godbless, kijana mpole, amekunywa loshoro yangu ya mahindi na maziwa mgando vikombe viwili. Nikamwambia huyo bwana anayeuchora mji huu kule Arusha ni mtoto wa kaka yangu Nathanaeli, nimembeba mgongoni, na alikuwa mzito. Hakuamini! Nikamtajia mpaka kovu lako la kwenye nyusi.

Akaniuliza, mama, mwenye eneo hili ni nani? Nikamwambia Nkasiogi. Akasema, na wewe je? Nikamwambia mimi nimekaribishwa. Akaandika.

Wewe ulikuwa mdogo, hukumbuki. Niliporudi kutoka kwa mume, baba yako alinipa kile chumba cha kuwekea kahawa. Sina kinyongo naye. Shamba lilikuwa limeshagawanywa kwa wavulana, na mtoto wa kike hakuwekewa fungu. Nikaja huku na mikungu sita ya ndizi. Yule mama Nkasiogi akanikuta nimelala chini ya lori, mimi Mmeru nisiyejua neno la Kimasai, akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akanionyesha kwa fimbo: kuanzia hapa mpaka pale kwenye mgunga, kaa. Hakuna karatasi, hakuna shahidi isipokuwa mbuzi. Sasa ni miaka ishirini na miwili. Mpaka leo anapita asubuhi na maziwa, na anasimama nje mpaka nimwambie karibu!

Na mimi sijawahi kusema "hapa ni pangu" mbele ya mtu. Nitasemaje na yeye yuko hai? Kitu ulichopewa kwa moyo mweupe hivyo unakiita cha aliyekupa. Bibi yako alipewa ng'ombe na mama Kaaya, akazaa kwetu ndama watano, na mpaka anakufa tulimwita ng'ombe wa mama Kaaya. Ndivyo tulivyolelewa, na wewe pia.

Haya, mchora miji, niambie. Kwenye karatasi zako mlango wangu unatazama wapi? Na utaoa lini?

Shangazi yako,
Penina


Arusha,
22 Februari 2023

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Barua nimeipata, Daniel aliichomeka kwenye mkungu wa ndizi mshale na imebaki na utomvu. Kuhusu kuoa naomba tuahirishe ajenda.

Mji wako unakuwa mzuri, shangazi. Kwenye mchoro makazi ni ya njano, biashara nyekundu, na kando ya korongo kijani. Malori hayatalala tena barabarani mbele ya watu. Yatakuwa na uwanja wao, wenye vyoo na taa. Mitaro itapeleka maji machafu mbali na kisima. Soko jipya litakuwa na paa, na nyuma yake viwanja vya kuishi kwa wale watakaohamishwa. Nimeuchora kwa miezi kumi na minne, na mara nyingi nilikuwa nafikiria miguu yako kwenye tope la Aprili.

Sasa nikueleze bila kuzunguka. Eneo lako linaingia kwenye uwanja wa malori. Usishtuke. Kila mwenye eneo anapewa kiwanja kimoja nyuma ya soko na kizimba kimoja ndani ya soko. Lakini ni mwenye eneo, shangazi. Aliyekaribishwa hana mahali kwenye fomu. Kwa jinsi ulivyojibu, nahofia umeandikwa mpangaji, na mpangaji hapewi kitu.

Orodha itabandikwa ofisi ya kijiji tarehe ishirini mwezi wa tatu, siku thelathini. Hapo ndipo unaposahihisha. Ni jambo dogo.

Mwanao,
Eliasi


Olkeju,
7 Machi 2023

Mwanangu Eliasi,

Marahaba. Nilisoma barua yako nikiwa nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena.

Mpango wako ni mzuri. Nasema kweli, sikubembelezi. Juzi lori lilirudi nyuma likavunja meza ya jirani, na mwenyewe aliponea chupuchupu. Hata mimi ningekuwa na kalamu ningeyaweka malori hapa hapa nilipo, ni tambarare na pakavu. Lakini mpangaji! Mimi mpangaji wa nani? Nimemlipa nani kodi? Nimechimba msingi kwa mikono yangu na choo nimekijenga mara tatu.

Kwani wewe huwezi kufuta neno moja hapo ofisini? Si fomu ziko kwako? Weka Penina, basi, tuendelee na maisha.

Nkasiogi hajapita na maziwa wiki ya pili sasa. Tumbo. Mtoto wake Lerionka amempeleka hospitali, wamerudi na mfuko wa dawa na uso ambao siupendi. Kesho nitakwenda bomani kumwona.

Penina


Arusha,
15 Machi 2023

Shangazi,

Shikamoo. Pole kwa ugonjwa wa mama Nkasiogi, mpe salamu zangu.

Siwezi kufuta. Jina la mtu halibadilishwi ofisini, na la ndugu yangu ndiyo kabisa. Naomba unielewe.

Njia iliyopo ni hii. Ndani ya bahasha kuna fomu ya pingamizi. Nimeshaijaza kila mahali, hata jina lako. Kinachotakiwa ni mama Nkasiogi aweke dole gumba chini ya maneno haya: "Nilimpa Penina eneo hili liwe lake." Basi. Nimekuwekea na kidau cha wino ili usianze kuhangaika nacho. Ukimaliza, mpe mtendaji wa kijiji akugongee muhuri.

Nakuomba ujue kitu kimoja zaidi. Sheria ya mradi ni mwenye eneo mmoja, kiwanja kimoja. Mama Nkasiogi ameandikwa maeneo matatu pale mjini, likiwemo lako. Yote matatu yatahesabiwa kiwanja kimoja cha ukoo wake. La kwako likibaki kwa jina lake, halitampa yeye chochote cha ziada. Litapotea tu. Kwa hiyo usione haya, hutamnyang'anya mtu. Nenda mapema.

Eliasi


Arusha,
17 Aprili 2023

Shangazi,

Shikamoo. Zimebaki siku mbili. Nimemtuma Daniel mara tatu, anasema unampa ndizi za kuniletea na humpi barua. Ndizi nimekula. Simu hupokei. Nimepiga kwa mtendaji, anasema hajaona fomu yako.

Tafadhali. Tafadhali, shangazi. Baada ya tarehe kumi na tisa orodha inatoka mikononi mwetu.

Eliasi


Olkeju,
2 Mei 2023

Mwanangu,

Tumemzika Nkasiogi tarehe ishirini na nne. Wamemzika upande wa boma unaotazama Meru, maana siku mawingu yakifunguka mlima unaonekana hata huku, na alikuwa ananitania kwamba ule ni mfuko wangu nimeusahau nyumbani.

Kuhusu fomu, mtendaji alikuwa safarini, kisha mvua ikakata njia, kisha nikaugua. Ndivyo ilivyokuwa. Fomu nimeitunza, haijachafuka. Kama bado inafaa, niambie.

Lerionka ananyoa nywele leo. Amekonda mno. Nimempikia uji.

Penina


Arusha,
30 Juni 2023

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa natafuta jibu zuri, na halikupatikana. Orodha imeidhinishwa. Fomu haifai tena.

Wiki iliyopita Lerionka alikuja ofisini kwetu. Peke yake, na shuka lake na fimbo, mlinzi alimweka getini saa nzima. Hakukwambia, najua. Aliweka mezani picha ya mama yake na cheti cha kifo, akasema: "Eneo la mama Penina si letu. Mama alilitoa mimi nikiwa mtoto, nilikuwepo. Liandikeni jina lake." Mratibu wetu alimsikiliza vizuri, hata alimwagizia soda. Akamweleza kwamba marehemu ameshapata kiwanja kimoja, orodha imefungwa, na viwanja nyuma ya soko vimeisha kwa hesabu. Lerionka akauliza, "Kwa hiyo nikikataa cha kwetu, yeye atapata?" Akaambiwa hapana, kitarudi kwa mradi.

Akanigeukia mimi. Nilimsindikiza mpaka stendi, na njiani tuliongea habari za malisho.

Hiyo sheria ya kiwanja kimoja niliipendekeza mimi, shangazi. Niliona wakubwa wananunua vibanda kumi kumi kabla ya mradi, nikasimama kwenye kikao nikaitetea mpaka ikapita. Ilikuwa kwa ajili ya watu kama wewe.

Nina chumba hapa Arusha, Olasiti. Nimepanga, lakini ni kikubwa, na nyuma kuna kauwanja unaweza kuweka jiko. Soko la Kwa Mrombo haliko mbali. Fikiria.

Eliasi


MRADI WA MPANGO KABAMBE WA MJI WA OLKEJU
Arusha, 7 Agosti 2023

Kwa: Mkazi (Mpangaji), Eneo Namba 212

YAH: ILANI YA KUONDOKA

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Unajulishwa kuwa eneo unaloishi limetengwa kwa ajili ya uwanja wa maegesho ya malori. Unatakiwa kuondoa mali zako zote ndani ya siku thelathini (30) kuanzia tarehe ya ilani hii. Kwa kuwa kumbukumbu zinaonyesha wewe si mmiliki, hutastahili kiwanja mbadala wala kizimba cha biashara.

Nakutakia utekelezaji mwema.

E. Nathanaeli
Kny: MRATIBU WA MRADI


Olkeju,
18 Agosti 2023

Mwanangu Eliasi,

Nimeletewa barua yenye muhuri, na chini kuna sahihi yako. Ile E yako yenye mkia naijua tangu darasa la pili. Nimewaonyesha majirani, nikasema mnaona, mtoto wetu anaandika Kiswahili kizuri. Wakaniangalia kama nimechanganyikiwa. "Utekelezaji mwema." Asante, na wewe pia.

Sikukasirikii. Najua kazi ni kazi. Lakini kwa kuwa umeniandikia kiserikali, mimi nitakuandikia kweli, maana ile barua ya mwezi wa tano ilikuwa ya uongo. Mtendaji hakuwa safarini. Mvua haikukata njia. Sikuugua.

Nilikwenda bomani na fomu yako tarehe kumi na nane Aprili, asubuhi. Kidau cha wino nilikifunga kwenye pindo la kanga. Nkasiogi alikuwa amelala kwenye ngozi, amekwisha, mkono umekuwa mwepesi, ngozi na mifupa. Watu walitoka, tukabaki wawili. Akafurahi! Akaniuliza, kwa kile Kiswahili chake cha kuvunjavunja, "Umekuja na nini?"

Eliasi, ilikuwa ndiyo nafasi yenyewe. Mkono nilikuwa nimeushika. Dole gumba lilikuwa hapa, kwenye kiganja changu. Nilichotakiwa ni kufungua pindo.

Nikamwambia, "Nimekuja kukuona tu."

Akasema, "Wewe peke yako. Wengine wote wamekuja na kitu cha kuuliza." Wanawe walikuwa wanauliza habari za ng'ombe, shemeji zake habari za kisima. Ningefungua vipi ule wino baada ya neno lile? Ningemfanya anihesabu na mimi miongoni mwa hao, saa ile? Nilikaa mpaka jua la alasiri. Nilimlisha maziwa kwa kijiko. Narudi nyumbani nikakuta kidau kimevuja, kanga yote ya bluu.

Kesho yake siku zikaisha. Nilijua zinaisha, nilizihesabu. Nimekaa kimya miezi minne kwa sababu niliona utaniona mjinga, mwanamke mzima anapoteza nyumba kwa haya. Basi nione hivyo. Lakini usiniambie ningefanya nini, maana nimejiuliza sana na kila mara najikuta naacha pindo limefungwa.

Penina


Arusha,
25 Agosti 2023

Shangazi,

Shikamoo. Nimesoma barua yako chooni ofisini, maana hapakuwa na mahali pengine pa kufunga mlango.

Na mimi nina uongo wangu. Wa kwako una miezi minne, wa kwangu una sita.

Nilikuandikia kwamba nahofia umeandikwa mpangaji. Sikuwa nahofia. Niliiona fomu yako kwa macho yangu tarehe kumi na sita Februari, siku mbili baada ya kujazwa, kabla hata barua yako haijafika. Godbless aliileta mezani kwangu kwa mkono. Alikuwa ameandika maneno yako pembeni, lakini hajaandika chochote kwenye nafasi ya hali yako. Akasema, "Kaka, huyu si ndiye shangazi yako? Ameniambia amekaribishwa. Nimekaa nyumbani kwake, ameishi pale miaka ishirini na kitu, kila mtu anajua ni kwake. Niandike mmiliki au mpangaji?"

Alikuwa ameshika kalamu, shangazi. Alikuwa anasubiri neno moja tu.

Wiki ile ile mwenzetu mmoja alikuwa amefukuzwa kwa kuingiza jina la shemeji yake. Ofisi nzima ilikuwa inaangaliana. Nami najua adabu yetu, najua kwa nini ulisema ni pa Nkasiogi, hakuna mtu pale ofisini aliyelijua hilo isipokuwa mimi. Ningeandika "mmiliki" ningekuwa nimeandika kweli. Lakini niliona watasema Eliasi amempendelea shangazi yake. Nikamwambia Godbless, "Mama mwenyewe amesema si pake. Weka mpangaji. Kama kuna kosa, siku thelathini zipo."

Akaandika. Nilijisikia mwadilifu. Nilikwenda kula chakula cha mchana na raha zangu.

Halafu ulipoandika "futa neno moja", nilikujibu kwa ukali kana kwamba unaniomba jambo baya. Kila barua niliyokuandikia kukuhimiza, nilikuwa nakuomba unifunikie kosa langu.

Nimekwenda kwa mratibu nikamweleza yote. Ameniambia niandike taarifa, wataiweka kwenye jalada, itasaidia mradi ujao. Kuhusu eneo namba 212, mkandarasi ameshapewa tarehe.

Sijui niandike nini tena. Nitukane, shangazi. Niambie usiyowahi kuniambia.

Eliasi


Olkeju,
8 Septemba 2023

Mwanangu Eliasi,

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimekaa nayo siku kumi. Nimejaribu kukukasirikia kwa bidii zote. Asubuhi naamka nasema leo namwandikia maneno yatakayomkosesha usingizi, nashika kalamu, halafu namwona yule kijana wa Kimeru ameketi mezani, anaona haya kujitwalia cha kwao mbele za watu. Na huyo ninamjua. Nimemlea mimi. Ningekuwa kwenye kiti chako ningemwambia Godbless maneno yale yale, na ningekula chakula changu cha mchana.

Hilo ndilo linaloniuma, Eliasi. Ningepata mtu wa kumlaumu ningepumua. Namtafuta simpati. Wewe ulikuwa na adabu, mimi nilikuwa na adabu, Lerionka alikwenda mpaka Arusha na fimbo yake, hata mratibu wenu alitoa soda. Na nyumba inakwenda.

Lerionka amenikaribisha bomani. Wako kumi na mmoja na mvua ikija wanalala wameketi. Nimemshukuru, nimekataa. Nitakuja huko kwako Olasiti. Sisemi kwa kupenda, nakwambia ukweli, nakuja kwa sababu sina pa kwenda. Usimwambie baba yako mpaka nifike. Na usinipokee kwa kulia, sitaweza.

Daniel yuko nje na lori, anapiga honi, barua hii naimalizia magotini. Tingatinga wameshalishusha. Wameanza na kwa jirani mwenye meza, na dereva wa tingatinga amekuja kunisalimia vizuri sana, ameniamkia shikamoo, ameuliza kama nahitaji msaada wa kubeba. Nimemwambia anipe dakika kumi.

Naishia hapa, nikatoe godoro.

Shangazi yako,
Penina